Mrija unaoza namna gani?

Mrija ni kijiti chenye tundu ndani. Mtu anatia ncha moja katika kinywaji, ncha nyingine anaitia kinywani, anavuta, na kinywaji kinapanda. Katika nchi za Kivu, Rwanda na Burundi watu wamejua mrija tangu zamani. Walikata tete au bua jingine lenye tundu, wakalikausha, wakanywa nalo pombe ya ndizi au ya mtama. Mtungi uliwekwa katikati, na wazee wakauzunguka, kila mtu na mrija wake. Huko Rwanda na Burundi mrija huo unaitwa umuheha. Mrija wa namna hii hautupwi. Unaoshwa, unakaushwa, unatumika tena siku nyingine.

Huko Marekani pia watu walikunywa kwa mabua. Walitumia bua la rai, nafaka iliyo ndugu ya ngano. Lakini bua hilo lililegea upesi, tena lilitia ladha yake katika kinywaji. Katika mji wa Washington palikuwa na mtu jina lake Marvin Stone, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza vishikio vya sigara kwa karatasi. Mtu huyo alizungusha ukanda wa karatasi juu ya kalamu ya risasi, akaubandika kwa gundi, kisha akaichomoa kalamu. Mrija wa karatasi ukawa umezaliwa. Tarehe 3 Januari 1888 serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi wake. Karatasi ikapakwa nta ili isinywe maji upesi. Baadaye, kuanzia miaka ya 1960, mirija ya plastiki ilienea, ikaishinda ile ya karatasi kwa bei na kwa nguvu.

Basi siku hizi mirija ya namna tatu inaonekana sokoni: ya tete, ya karatasi na ya plastiki. Ni ipi iliyo bora? Mtu anayekunywa tu hana shida ya kuuliza. Lakini mtu anayeuza vinywaji anatia fedha yake, naye lazima ajue.

Mama mmoja aliuza mutobe sokoni, yaani maji matamu ya ndizi yasiyochachuka bado. Alizoea kununua mirija ya plastiki. Siku moja akaona mirija ya karatasi dukani, akajaribu kifurushi kimoja. Jioni alirudi nyumbani na uchungu. Wanunuzi wawili walikuwa wamemrudishia vikombe vyao wakisema: «Mama, mrija wako umekuwa uji!» Binti yake alikuwa mwanafunzi wa darasa la tano katika masomo ya misioni. Kesho yake akasimama darasani, akauliza:

«Mwalimu, mama anasema mirija ya karatasi inaoza mbele ya macho ya watu. Ni kweli?»

Mwalimu hakujibu ndiyo wala siyo. Alisema tu: «Leteni bilauri saba.»

Bilauri zikapangwa juu ya ubao, chini ya dirisha, mahali pasipofika jua. Ya kwanza ilitiwa maji matupu ya kisima. Ya pili, maji yenye chumvi nyingi. Ya tatu, maji ya ndimu. Ya nne, maji ya sabuni. Ya tano, maji ya majivu, yale yanayochujwa na akina mama ili kulainisha mboga ngumu. Ya sita, mafuta ya mawese yaliyopashwa moto kidogo. Ya saba, mutobe uliotoka kwa yule mama mwenyewe. Katika kila bilauri walisimamisha mirija mitatu: mmoja wa tete, mmoja wa karatasi, mmoja wa plastiki.

Mwalimu alikaza neno moja: vipimo vyote viwe sawa, na bilauri zote zikae mahali pamoja. Kijana mmoja alikuwa amesogeza bilauri yake kwenye jua ili aione vizuri. Akaambiwa airudishe. Kama mrija wake ungeharibika mbele ya mingine, nani angejua ni kazi ya jua au ni kazi ya maji?

Baada ya saa moja wanafunzi waliinua mirija mmoja mmoja. Ile ya tete haikuwa na neno. Ile ya plastiki haikuwa na neno. Lakini ile ya karatasi ilikuwa imeanza kutengana. Uliolegea kuliko yote ulikuwa katika maji ya sabuni: ulipinda katikati kama jani lililochomwa na jua. Ile ya maji matupu, ya chumvi, ya ndimu na ya mutobe ilifanana, yote ilikuwa laini kwa kidole. Ule wa maji ya majivu ulikuwa umevimba na kutwaa rangi ya maji yake. Na ule wa mafuta ya mawese? Ulikuwa mwekundu, lakini umesimama imara kama askari.

Jambo hili liliwashangaza. Mafuta ni ya majimaji kama maji yenyewe. Kwa sababu gani maji yanalegeza karatasi, na mafuta hayailegezi?

Ukipasua karatasi polepole na kutazama ukingo wake, utaona vinyweleo vyeupe. Hivyo ni nyuzi za miti. Huko kiwandani mti unasagwa na kupikwa mpaka nyuzi zake zinaachana, kisha nyuzi hizo zinatandazwa ndani ya maji, zinakamuliwa, zinakaushwa. Zinapokauka zinashikamana. Kitu kinachofanya nyuzi hizo kinaitwa selulozi, na selulozi inapenda maji sana. Maji yanapofika yanaingia katikati ya uzi na uzi, yanakamata mahali pale pale ambapo nyuzi zilikuwa zimeshikana, nazo zinaachana. Mafuta hayawezi kazi hiyo. Yanajaza nafasi tupu za karatasi, lakini hayafungui mikono ya nyuzi. Ndiyo sababu karatasi iliyofungia maandazi inajaa mafuta na haipasuki, na karatasi iliyonyeshewa na mvua inapasuka ukiigusa tu.

Sabuni nayo haili karatasi. Inasaidia maji kuingia. Tia tone la maji juu ya jani la muhogo, litasimama kama ushanga. Tia tone la maji ya sabuni, litaenea upesi. Kiwandani mrija wa karatasi umetiwa dawa ya kuzuia maji, lakini sabuni inayafanya maji yapite katika ulinzi huo kama mwizi aliyepewa ufunguo.

Hata hivyo yule kijana wa bilauri ya jua akasema kwa sauti: «Mwalimu, basi mama wa sokoni amesema kweli. Mrija umeoza.»

Mwalimu akachukua uji wa mrija uliokuwa katika maji matupu, akautandaza juu ya kipande cha ubao, akaufunika kwa kitambaa na kuukamua kwa chupa. Safari hii aliuweka juani kwa kusudi. Mchana, baada ya chakula, uji ule ulikuwa umekauka. Mwalimu akaubandua kwa ncha ya kisu. Ulikuwa karatasi ndogo, yenye mikunjo, mbaya kwa macho. Akatwaa kalamu ya risasi akaandika juu yake neno moja: MRIJA. Neno likasomeka.

«Kitu kilichooza,» akasema, «kinaweza kurudi namna hii?»

«Hapana, Mwalimu.»

Kweli, hakiwezi. Maji yalikuwa yametenganisha nyuzi, lakini nyuzi zenyewe zilibaki nzima. Kulegea ni jambo moja, kuoza ni jambo jingine. Nyumba ya miti ikibomoka, miti ingali pale, unaweza kuijenga tena. Mchwa wakila miti yenyewe, utajenga na nini?

Basi bilauri ziliachwa mahali pake juma zima. Siku ya posho asubuhi darasa lilikuwa na harufu, na haikuwa shida kujua inatoka wapi. Mutobe ulikuwa umechachuka. Kwanza ulitoa povu, kisha ulinuka pombe, na sasa ulianza kunuka siki. Juu ya mrija wa karatasi, mahali unapotoka katika kinywaji na kugusana na hewa, palikuwa na manyoya ya kijivu. Hiyo ni kuvu. Katika bilauri ya ndimu palikuwa na doa moja dogo la kuvu nyeupe. Katika maji matupu mrija ulikuwa na utelezi. Lakini katika maji ya chumvi, katika maji ya majivu na katika mafuta hapakuwa na kuvu hata kidogo.

Hapa ndipo kuoza kulipoanza kweli. Kuoza ni kuliwa. Walaji ni kuvu na bakteria, viumbe vidogo ambavyo macho matupu hayavioni, ila kwa mikroskopi. Havina meno wala tumbo. Vinatoa maji yao yenye nguvu juu ya chakula, vinakiyeyusha nje ya mwili, kisha vinanywa. Na selulozi ni chakula, kwa maana imefanyika kwa sukari nyingi zilizoungwa kama shanga katika uzi. Mtu hawezi kuifungua, hata akitafuna karatasi kutwa nzima hatashiba. Kuvu wanaweza. Ng'ombe na mbuzi pia wanaweza, lakini si kwa nguvu zao: katika tumbo lao wamefuga bakteria wanaowafanyia kazi hiyo.

Walaji hao wanataka maji, hewa na joto. Wakikuta sukari iliyo tayari wanazidi kuongezeka, ndiyo sababu mutobe uliwashinda wenzake wote. Chumvi nyingi inawanyima maji, hata kama wamezama ndani yake. Akina mama wa ziwani wanajua hilo bila kitabu: samaki aliyetiwa chumvi anakaa, asiyetiwa ananuka kesho. Majivu yana ukali unaowachoma. Mafuta yanawafungia hewa na maji. Basi vitu vya majimaji vya nyumbani haviozeshi mrija. Vinawafungulia mlango wale wanaoozesha, au vinawafungia.

Tete nalo ni selulozi, na juma lile halikuonyesha kitu ila rangi iliyokolea kidogo. Sababu yake ni kwamba Muumba hakuacha nyuzi za mmea zikae wazi kama kiwanda kinavyoziacha. Katika tete nyuzi zimebanwa kwa kitu kigumu kiitwacho lignini, kama vile mawe ya ukuta yanavyobanwa kwa saruji. Juu ya ngozi ya nje kuna pia silika, ndiyo kitu kile kile cha mchanga. Kuvu wanaoweza kula lignini wako, lakini wanakula polepole. Kwa hiyo tete linaoza, ila halina haraka, na mradi linakaushwa vizuri kila mara linamtumikia mtu siku nyingi. Likiachwa na unyevu ndani ya tundu lake, kuvu itaingia humo, na mtu atainywa.

Imebaki plastiki. Wanafunzi waliitafutia alama hata kwa kioo cha kukuza. Maji, hakuna. Chumvi, ndimu, sabuni, majivu, hakuna. Mafuta ya mawese peke yake yaliacha kitu: mrija ulitwaa rangi ya machungwa, na rangi hiyo haikutoka kwa sabuni. Lakini mrija wenyewe ulikuwa mgumu na mzima kama siku ulipotoka dukani. Plastiki ya mirija inaitwa polipropileni, nayo inatengenezwa kwa mafuta yanayochimbwa ardhini. Nayo pia ni uzi mrefu wa shanga, lakini shanga zake si sukari. Kuvu na bakteria hawana maji ya kuzifungua. Hakuna chupa jikoni, wala gudulia, wala chungu, chenye kitu cha kuwafungulia mlango huo. Jua linaweza kuivunjavunja plastiki, ndiyo kweli. Mrija ulioachwa juani miaka unakuwa mwepesi kuvunjika, unageuka vipande, na vipande vinageuka vumbi. Lakini vumbi lile lingali plastiki.

Yule binti akarudi nyumbani na habari zote. Mama yake alisikiliza akimenya ndizi. Kisha akasema:

«Sasa, mwanangu, kama plastiki haiozi, si ndiyo nzuri? Kitu kisichoharibika ni mali.»

Neno la mama halikuwa la upumbavu. Chungu kisichovunjika ni mali, na jembe lisiloota kutu pia. Lakini chungu na jembe vinakaa nyumbani. Mrija wa plastiki unatumika kwa muda wa kunywa kikombe kimoja, kisha unaanguka chini ya meza ya soko. Na chini ya meza utamu wa mutobe uliobaki ndani yake unaita wageni: sisimizi kwanza, kisha nzi, kisha mbuzi. Mbuzi analamba, anatafuna, anameza. Bakteria wa tumbo lake wanaojua kufungua majani na karatasi hawajui kufungua plastiki. Haiyeyuki, tena mara nyingi haitoki. Inakaa tumboni pamoja na mifuko aliyomeza juzi, mpaka nafasi ya majani inapungua na mbuzi anakonda huku akila. Wachinjaji wanayakuta madonge hayo wanapopasua matumbo. Mama alikuwa na mbuzi wawili. Hakusema neno tena, ila alisimama akaenda kutazama mahali walipofungwa.

Mirija isiyoliwa na mbuzi inachukuliwa na mvua. Polipropileni ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo haizami. Kutoka soko inaingia mfereji, kutoka mfereji inaingia kijito, na katika mji wa Bukavu vijito vinashuka upesi hadi Ziwa Kivu. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ndio mto Ruzizi, unaoanzia hapo Bukavu na kwenda hadi Ziwa Tanganyika. Juu ya mto huo, mwishoni mwa miaka ya 1950, lilijengwa boma la kuzuia maji pamoja na kiwanda cha umeme kiitwacho Ruzizi ya Kwanza. Maji yanazungusha magurudumu makubwa ya chuma, na magurudumu yanazaa umeme. Sasa takataka zote zinazoelea zinakusanyika mbele ya boma: chupa, mifuko, viatu vya plastiki, mirija. Wafanyakazi wanazitoa kwa mitumbwi na koleo, na wengine wanazamia chini ya maji kuzitafuta. Hata hivyo imetokea kwamba takataka zimeziba njia ya maji na kuharibu mitambo, na nyumba za mji zikakaa gizani. Mtoto anayesoma kwa mshumaa hafikiri kwamba mrija wa mutobe umekaa kati yake na taa.

Serikali zimeliona jambo hili. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikatoa sheria juu ya vitu vya plastiki vinavyotumika mara moja tu. Katika Kongo amri ya kukataza mifuko na vifungio vya plastiki ilitolewa mwisho wa mwaka 2017, ingawa mifuko hiyo ingali inaonekana sokoni. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza kuuza mirija ya plastiki tangu mwaka 2021.

Lile juma lilipokwisha, mwalimu hakuitupa mirija ya majaribio. Nyuma ya bustani ya masista, mahali wanapotengeneza mbolea, wanafunzi walichimba shimo lenye kina cha mkono mmoja. Waliilaza mirija yote kwa safu, kila mstari na kijiti chenye jina la bilauri yake. Wakafunika kwa udongo na majani. Mvua zikanyesha.

Wakati huo mama alikuwa amekwisha kuchagua. Alitafuta tete bondeni, akazikata sawa, akazichemsha na kuzikausha juani. Kila mteja alipewa mrija wa tete na kuurudisha pamoja na kikombe. Jioni binti aliipitisha mirija katika maji ya moto, akapuliza tundu la kila mmoja, akaitandaza juu ya ungo. Kazi hiyo haikumpendeza kila siku. Kwa wateja wenye haraka, wanaotaka kunywa njiani, mama alikuwa na ile ya karatasi, lakini sasa hakuitia mapema katika vikombe vilivyojazwa. Aliutoa mrija wakati ule ule mteja aliposhika kikombe. Mtu mwenye kiu anamaliza mutobe wake mbele ya mrija kuwa uji.

Baada ya miezi miwili shimo lilifukuliwa. Katika mstari wa mutobe hawakuona karatasi tena, ila udongo mweusi na mnyoo mmoja. Ule wa maji matupu ulikuwa vipande vidogo vya rangi ya udongo. Ule wa mafuta ulikuwa na umbo lake kidogo, nao ulivunjika ulipoguswa. Tete zilikuwa na madoa meusi, mbili zilipasuka kwa kubonyezwa. Kisha wakaifikia mirija ya plastiki. Msichana mmoja aliihesabu, akaisuuza katika ndoo, akairudisha kwa mwalimu: saba iliingia, saba imetoka.

Maulizo

1. Mrija wa tete unatengenezwa namna gani katika nchi yenu? Waulizeni wazee.
2. Kwa sababu gani bilauri zote ziliwekwa mahali pamoja?
3. Maji yanafanya nini katika nyuzi za karatasi? Mafuta je?
4. Mwalimu alionyesha namna gani kwamba mrija uliolegea haujaoza?
5. Taja vitu vitatu wanavyovitaka kuvu na bakteria.
6. Mrija wa plastiki ukianguka katika soko la kwenu, mvua itaupeleka wapi? Fuateni mfereji kwa miguu, kisha chora njia yake.